Hoja za Zitto, kura za wengine

Katika uchaguzi wa rais wa Oktoba 2015, Anna Mghwira wa ACT-Wazalendo alipata kura 98,763, yaani asilimia 0.65 ya kura halali. John Magufuli wa CCM alipata zaidi ya milioni 8.8, na Edward Lowassa, aliyesimama kwa tiketi ya CHADEMA akiungwa mkono na UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani, akapata zaidi ya milioni 6. Mghwira alikuwa wa tatu, lakini umbali kati ya wa pili na wa tatu ulikuwa mkubwa kiasi kwamba nafasi hiyo haikuwa na maana ya kisiasa.

Wafuasi wa chama hicho waliumia zaidi kwa sababu walijiona ndio waliojiandaa kwa hoja. Miezi michache kabla ya kampeni, wakiongozwa na Zitto Kabwe, walikuwa wametoa Azimio la Tabora, waraka uliotaka kulihuisha Azimio la Arusha la mwaka 1967: ujamaa wa kidemokrasia, miiko ya viongozi, maliasili kwa manufaa ya wananchi. Zitto na wenzake walitangaza hadharani mali zao na madeni yao, jambo ambalo wanasiasa wetu wengi hulikwepa. Wapiga kura wakasikia, wengine wakapongeza, kisha wakaenda kumpigia mtu mwingine.

Wengi hulieleza hilo kwa jibu jepesi, kwamba Mtanzania hapendi itikadi, anapenda pilau, fulana na kanga. Silikubali jibu hilo. Linawatukana wapiga kura, na halielezi kwa nini hoja zilezile za Zitto ziliwahi kuitikisa nchi.

Mwaka 2007, akiwa mbunge kijana wa Kigoma Kaskazini kupitia CHADEMA, Zitto aliibua bungeni suala la mkataba wa mgodi wa Buzwagi, uliosainiwa jijini London na Nazir Karamagi, aliyekuwa Waziri wa Nishati na Madini. Bunge likamsimamisha. Adhabu ile ikamfanya kipenzi cha watu. Mikutano ilifurika, na kabla mwaka haujaisha Rais Jakaya Kikwete alimteua katika kamati ya Jaji Mark Bomani iliyopitia sekta ya madini, kazi iliyochangia kupatikana kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010. Mwaka 2014, akiwa mwenyekiti wa Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, aliwasilisha ripoti ya kashfa ya akaunti ya Tegeta Escrow. Kabla mwaka huo haujaisha, Mwanasheria Mkuu alikuwa amejiuzulu na Profesa Anna Tibaijuka ameondolewa uwaziri.

Siasa hizo zilikuwa za misimamo, na watu walizipenda. Walizipenda kwa kuwa zilikuwa na jina la mgodi, jina la waziri na kiasi cha fedha. Mtu wa Geita au Kahama hakuhitaji kusomewa nadharia ya umiliki wa rasilimali ili aelewe Buzwagi. Azimio la Tabora lilisema mambo yaleyale kwa mapana zaidi, lakini lilizungumza kama semina. Kiongozi anayetaka kura kwa misimamo yake huanza kupoteza wasikilizaji pale anapoacha kutaja mgodi na kuanza kutaja mfumo.

Hata hivyo lugha haitoshi kueleza kura 98,763. Sababu ya pili iko kwenye hesabu za mpiga kura mwenyewe. Tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2000, mgombea urais wa Tanzania hahitaji kuvuka nusu ya kura. Anayemzidi kila mwenzake ndiye mshindi, na hakuna duru ya pili. Katika utaratibu kama huo, aliyechoka na CCM mwaka 2015 alijiuliza nani ana uwezo wa kuishinda, na jibu lilikuwa Lowassa. Kumpigia Mghwira kuliitwa kuharibu kura. Hapo mpiga kura hakuikataa miiko ya viongozi. Alikataa kuilipia kwa miaka mitano mingine ya chama asichokitaka.

Uamuzi huo ulikuwa na kejeli yake. Septemba 2007, katika viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, Dk. Willibrod Slaa wa CHADEMA alisoma orodha ya watu aliowatuhumu kwa ufisadi, na jina la Lowassa lilikuwamo. Mwaka 2010 Slaa aligombea urais kwa ajenda ya uadilifu akapata kura takriban milioni 2.27. Mwaka 2015 Lowassa alipotoka CCM na kupokewa CHADEMA, Slaa akajiondoa, na kura za upinzani zikaruka hadi milioni 6. Mwenye kutetea siasa za vitendo atauliza: ushahidi gani zaidi unahitajika? Usafi ulileta milioni mbili, mtandao wa waziri mkuu wa zamani ukaleta sita.

Swali hilo lina uzito, lakini linasahau kilichofuata. Machi 2019 Lowassa alirudi CCM. Wabunge na madiwani kadhaa wa upinzani walikuwa wameshatangulia, wakisema wanaunga mkono juhudi za Rais Magufuli. CHADEMA, chama kilichokuwa kimejenga jina lake kwa kukemea ufisadi, kilibaki kikieleza kwa nini kilimpokea mtu kiliyemtuhumu. Kura za kuazima zilijaza masanduku siku moja, na mwenyewe alipoondoka hazikuacha tawi wala mtetezi.

Kibaya zaidi kwa ACT-Wazalendo, chama hicho nacho kilikuja kuonja dawa hiyohiyo. Mwaka 2020 kilimsimamisha Bernard Membe, waziri wa zamani wa mambo ya nje aliyetoka CCM. Kampeni zilipopamba moto, Zitto na Maalim Seif Sharif Hamad, mwanasiasa mkongwe wa Zanzibar aliyehamia ACT kutoka CUF, wakamuunga mkono hadharani Tundu Lissu wa CHADEMA, huku jina la Membe likibaki kwenye karatasi ya kura. Alipata kura 81,129, pungufu ya zile za Mghwira. Mwaka 2025 wakampokea Luhaga Mpina, waziri mwingine wa zamani, naye akaenguliwa kabla ya siku ya kura. Mtu anayejinadi kwa misimamo hawezi kila msimu kuazima mgombea kwa jirani na bado akategemea kuaminiwa kwamba yeye ni tofauti.

Kuna jambo jingine ambalo kwangu ndilo kiini cha mkasa wa Zitto. Hoja zake hazikushindwa. Zilichukuliwa. Mwaka 2017 Magufuli alizuia makinikia ya madini kusafirishwa nje, na Bunge likapitisha sheria za maliasili zinazoipa serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa. Baadaye Barrick na serikali wakaunda kampuni ya Twiga. Unaweza kubishana kuhusu namna mambo hayo yalivyofanywa, na Zitto mwenyewe alibishana, lakini kwa mwananchi wa kawaida ile ilikuwa ajenda ya Buzwagi iliyopata rais. Pamoja na hoja wakachukuliwa watu: Profesa Kitila Mkumbo, mmoja wa waasisi wa ACT, aliteuliwa katibu mkuu wa Wizara ya Maji Aprili 2017 na baadaye akajiunga na CCM, na Mghwira mwenyewe, akiwa mwenyekiti wa chama, aliteuliwa mkuu wa mkoa wa Kilimanjaro miezi miwili baadaye.

Ndiyo maana nasema kumshawishi mpiga kura na kupata kura yake ni kazi mbili. Wazo halina hati miliki. Mwenye dola akiliona linapendwa hulibeba, hulitia rangi ya chama chake na kulitekeleza kwa bajeti ambayo mpinzani hana. Mpinzani akilalamika kwamba ameibiwa ataonekana anataka sifa kuliko maendeleo, na akinyamaza atasahaulika. Kisichobebeka kwa uteuzi ni shina na tawi: watu wanaokutana kila mwezi, wanaojua mgonjwa ni nani mtaani na nani ananyanyaswa na mgambo, na siku ya kura wanakaa kituoni kama mawakala hadi fomu ya matokeo isainiwe. Wahenga walisema mti hauendi ila kwa nyenzo.

Zanzibar inaonyesha hilo kwa uwazi. Machi 2019, Mahakama Kuu ilipomtambua Profesa Ibrahim Lipumba kuwa mwenyekiti halali wa CUF, Maalim Seif aliwaambia wafuasi wake washushe tanga na kupandisha tanga, yaani wahame CUF na kujiunga na ACT-Wazalendo. Ndani ya siku chache ofisi nyingi za CUF, Unguja na Pemba, zilipakwa zambarau ya ACT-Wazalendo. Watu wale hawakuwa wamesoma Azimio la Tabora. Walimfuata mtu waliyekaa naye kwa zaidi ya miaka 25 ya kushinda, kunyimwa, kufungwa na kurudi tena. Imani yao ilijengwa kwanza kwa kuishi pamoja, kisha ndipo itikadi yoyote ikapata mahali pa kukaa. Maalim alipofariki Februari 2021 chama hakikusambaratika visiwani; Othman Masoud alichukua nafasi yake ya Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar na kuendelea.

Kwa upande wa Bara, Kigoma ilikaribia kuwa mfano wa aina hiyo. Mwaka 2015 ACT ilipata jimbo moja tu la ubunge nchi nzima, Kigoma Mjini, aliloshinda Zitto mwenyewe, na ikaongoza Manispaa ya Kigoma Ujiji. Mwaka 2016 manispaa hiyo iliingia katika mpango wa kimataifa wa uwazi wa serikali. Hapo palikuwa mahali pa kuionyesha Tanzania nzima kwamba miiko ya Tabora inaleta soko safi, zahanati yenye dawa na mapato yasiyoliwa. Lakini halmashauri zetu hutegemea fedha kutoka hazina, wakurugenzi wake huteuliwa na rais, na mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa kuanzia 2016 hadi Januari 2023. Mwaka 2020 Zitto alitangazwa kushindwa. Mwaka 2025 alitangazwa kushindwa tena, safari hii na Baba Levo, msanii ambaye kabla ya kuhamia CCM alikuwa diwani wa ACT-Wazalendo katika manispaa hiyohiyo.

Msomaji atanishika hapa: tunapima vipi mvuto wa kiongozi kwa chaguzi za aina hii? Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 CCM ilitangazwa kupata takriban asilimia 99 ya nafasi. Katika uchaguzi mkuu wa Oktoba 2025, ambao CHADEMA haikushiriki na Lissu alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini, Rais Samia Suluhu Hassan alitangazwa mshindi kwa karibu asilimia 98, huku nchi ikishuhudia maandamano, vifo na kuzimwa kwa intaneti. Takwimu kama hizo hazipimi ushawishi wa mpinzani yeyote. Nakubali. Ndiyo sababu nimesimama zaidi kwenye mwaka 2015, ambapo upinzani kwa jumla ulipata mamilioni ya kura na chama cha hoja kikapata kiganja.

Uwanja usio sawa nao haumwondolei kiongozi wajibu, unauongeza. Wanaosema tususie na wanaosema tushiriki wote wanahitaji kitu kilekile, yaani raia walio tayari kugharamika kwa ajili ya msimamo fulani. Raia huwa tayari wakishamwona kiongozi akigharamika kwanza. Zitto ana akiba katika hilo. Machi 2024 alikabidhi uongozi wa chama kwa Dorothy Semu, kwa kuwa katiba ya chama inaweka ukomo, katika nchi ambayo viongozi wa vyama hukaa kwenye viti kwa miongo. Kwa upande mwingine ana deni. Tangu mgogoro wake na CHADEMA mwaka 2013, wapo wapinzani wanaomwita msaliti, tuhuma anayoikana, na kila mgombea wa kuazima anawapa sababu mpya ya kurudia neno hilo.

Je, kiongozi wa upinzani mwenye ndoto kubwa anaweza kuwapata wapiga kura? Anaweza, na hatalazimika kuzishusha ndoto zake ili awapate. Masharti ni magumu tu. Aiseme ndoto kwa jina la mgodi, zao na kijiji. Akubali hoja zake zitekelezwe na wengine, halafu aje na nyingine kabla sifa hazijapoa. Akatae njia ya mkato ya mgombea mwenye jina, hata kama inampunguzia kura za mwaka huo. Zaidi ya yote, atumie miaka minne isiyo na kampeni kulea matawi, kwa sababu mpiga kura anayeogopa kupoteza kura yake hatulizwi na waraka. Hutulia akiona jirani yake, balozi wake na wakala wa kituo chake wote wako upande uleule. ACT-Wazalendo imelifanya hilo Pemba kwa kurithi kazi ya miongo ya mtu mwingine. Bara haijalifanya bado, na hakuna azimio litakalolifanya kwa niaba yake.