Kemia nayo ina sarufi yake

Jioni moja mpwa wangu, aliyekuwa Kidato cha Nne, alinijia akiwa na daftari mkononi na uso uliokunjamana. "Mjomba," akalalama, "majina haya nimeyakariri tangu Jumamosi na bado yananiponyoka." Nililitupia daftari jicho. Yalikuwa yameorodheshwa moja chini ya jingine: methanoli, ethanoli, propanoli, methanali, ethanali, propanoni, asidi ya methanoiki, asidi ya ethanoiki. Mimi si mwanakemia. Riziki yangu naipata kwa isimu. Hata hivyo, nilitabasamu, kwa maana mbele yangu palikuwa na mizizi na viambishi.

Nilimwuliza iwapo aliwahi kulikariri neno "pigisha." Akacheka. Ajuaye "piga" na kuijua kazi ya "-ish-" hana haja ya kukariri. Basi majina ya kemia ya kaboni nayo ni vivyo hivyo. "Meth-" ni mzizi unaotuarifu kwamba kuna atomu moja ya kaboni, "eth-" mbili, "prop-" tatu, "but-" nne. Mwisho wa jina nao hutaja kundi tendaji, yaani lile fungu dogo la atomu linaloiamulia molekuli tabia yake. "-oli" husema kuna oksijeni iliyoshikana na hidrojeni. "-Ali" husema kaboni ya mwisho imefungwa kwa oksijeni kwa vifungo viwili. "-Oiki" husema kaboni hiyo ya mwisho inayo yote mawili, na kwa hiyo tunakabiliana na asidi. Utaratibu huu haukuzuka kwa bahati. Msingi wake uliwekwa na wanakemia waliokutana Geneva mwaka wa 1892, kwa kusudi kwamba jina liufichue muundo wa kitu.

Mabadiliko ya kemikali nayo, aghalabu, ni kubadilika kwa kiambishi huku mzizi ukisalia. Pombe iliyoachwa wazi huchachuka ikawa siki: ethanoli imegeuka asidi ya ethanoiki, na "eth-" haikuondoka mahali pake. Alkanoli na asidi zikiunganishwa huzaa maji na esta, jamii ile ile inayoipa ndizi mbivu harufu yake. Mafuta ya kupikia pia ni esta, na yakichemshwa na sodiamu haidroksaidi hutupatia sabuni.

Baada ya nusu saa mpwa wangu aliandika "butanoli" na "asidi ya butanoiki," majina ambayo hayakuwamo katika orodha yake. Alikuwa ameyaunda mwenyewe.

Huenda msomaji akaniona napiga porojo za kisomi. La hasha! Mnamo Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walifariki jijini Nairobi baada ya kunywa pombe haramu iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Mwezi Mei 2014 makumi ya wengine waliangamia kwa njia iyo hiyo katika kaunti kadhaa, Embu ikiwa mojawapo. Methanoli na ethanoli zina kiambishi kimoja. Zote hazina rangi, na kwa harufu zinakaribiana mno. Zinatofautiana kwa mzizi tu, yaani kwa kaboni moja. Ini huigeuza ethanoli kuwa ethanali, kisha asidi ya ethanoiki, ambayo mwili unaweza kuitumia. Methanoli hupitia njia hiyo hiyo, ikawa methanali, kisha asidi ya methanoiki, nayo hushambulia neva ya macho na kuua. Kijana aliyefundishwa kuuchambua mzizi anaweza kumweleza jirani yake hatari hii kwa Kiswahili. Aliyekariri orodha ataisahau siku ya pili baada ya mtihani.

Kuna watakaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi za kubeba elimu hii. Dai hilo limepitwa na wakati. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka wa 1990. Tena, kukopa si aibu: neno "alkoholi" lenyewe Wazungu walilipata kwa Waarabu.

Sisemi mtihani wa kemia utungwe kwa Kiswahili kesho asubuhi. Ninachowasihi walimu ni jambo dogo lisilohitaji fedha wala waraka kutoka wizarani. Mwalimu wa kemia, kabla hujaandika jina la kwanza ubaoni, mwendee mwenzako wa Kiswahili katika chumba cha walimu, mkaingie darasani pamoja kwa kipindi kimoja. Mmoja aligawanye neno, mwingine aichore molekuli. Nanyi wanafunzi, mkikutana na jina refu msilikimbie. Likateni vipande kama mkatavyo kitenzi, kisha mkiulize kila kipande kazi yake. Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Ujinga ni kumeza jina zima zima, na siku moja ukamwona jirani akimeza kilichomo ndani yake, nawe huna la kumwambia.