Mbiu ya mgambo ndani ya mti wa mchu

Maji yanayopita mbele ya Bandari ya Kale, chini ya nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa, huingia ndani ya mkondo wa Tudor kila yanapojaa na kufika hadi kwenye mikoko ya Mikindani na Jomvu. Kila lita ya maji ya bahari ina chumvi ya gramu 35 hivi. Umwagilie mchicha wako maji hayo, na haitapita siku nyingi utakuwa umenyauka. Lakini mchu, jamaa wa mkoko, husimama humo mchana na usiku na majani yake ni mabichi. Kwa nini?

Hebu pitisha kidole juu ya jani la mchu siku ya jua kali, kisha ukirambe. Utaonja chumvi. Jani lina tezi ndogo mno zinazoitoa nje. Mzizi nao una kazi nyingine: huizuia sehemu kubwa ya chumvi isiingie kabisa. Hapo ndipo penye fumbo. Seli za mzizi na seli za jani zina jeni zilezile, yaani maagizo yaleyale ya urithi. Mbona basi kazi zao si moja?

Jibu ni kwamba kuwa na jeni ni jambo moja, na kuiwasha ni jambo jingine. Nyumba huweza kuwa na taa kila chumba, lakini hakuna anayeziwasha zote mchana kutwa, maana bili ya stima ataiona. Mmea nao hulipia ulinzi wake kwa sukari ambayo ingeukuza. Kwa hiyo jeni nyingi za kupambana na dhiki hukaa kimya, au huwaka kidogo tu, hadi mbiu ya mgambo ilie.

Mbiu hiyo hulia hivi. Chumvi ikizidi nje ya mzizi, kiasi cha kalisi ndani ya seli hupanda kwa sekunde chache tu. Protini moja huishika kalisi hiyo na kuiamsha protini ya pili, nayo ya pili huifungua pampu inayoitupa sodiamu nje. Njia hii ilianza kufichuliwa miaka ya 1990 na Jian-Kang Zhu na wenzake huko Arizona, Marekani, katika mmea mdogo wa jamii ya haradali. Jeni zake wakaziita SOS, kama wito wa meli inayozama. Jamaa za jeni hizo zimeonekana katika mchu pia.

Mbiu ya pili ni homoni iitwayo asidi ya absisiki. Mmea ukikosa maji, au chumvi ikiuzuia kuyanywa, homoni hii huongezeka na vinywa vya majani hujifunga. Mwaka 2009 ndipo wanasayansi walipotambua protini zinazoipokea. Ikipokewa, breki huachiwa, na protini za amri zilizo katika kiini cha seli hukamata DNA mbele ya jeni maalumu. Jeni hiyo hunakiliwa, na nakala yake hutumika kuunda protini mpya. Ni jeni zipi zitakazoitika hutegemea protini za amri zilizomo katika seli hiyo na jinsi DNA yake ilivyokunjwa. Ndiyo maana mbiu moja huitikiwa kwa namna moja mzizini na kwa namna nyingine janini. Mchu hutengeneza pia bitaini, kitu kinachosaidia seli kushika maji yake.

Wanafunzi wanaweza kujaribu wenyewe. Pandeni kunde katika makopo matatu. La kwanza lipeni maji matamu. La pili litieni chumvi chembe kidogo, mkiongeza siku baada ya siku. La tatu lipeni kwa ghafla chumvi ile ambayo la pili limefikia mwishoni. Aghalabu la pili litastahimili kuliko la tatu, kwa kuwa lilipata muda wa kuwasha jeni zake.

Muda ndio mikoko yetu inaounyimwa. Mchu hupumua kwa vijizizi vilivyochomoza matopeni kama penseli. Mafuta yakivipaka, mti hukosa hewa, na hakuna jeni ya kuufuta. Mafuta yalimwagika katika mkondo wa Makupa mwaka 1988, na tena mwaka 2005 katika Bandari ya Kilindini, na mikoko ikaumia. Huko Mikindani maji taka ya mitaa yamekuwa yakipita katikati ya miti. Mashoka nayo yapo.

Vyumba vya nyumba za kale za Mji wa Kale vina upana wa boriti, kwa kuwa mikoko ndiyo iliyobeba dari zake. Leo mikoko hiyo hutulelea samaki na kamba, na kushika udongo wa pwani. Chumvi ya bahari mchu umeizoea tangu enzi na enzi, na jeni za kuishinda unazo. Uchafu wetu haukuumbiwa jeni. Ulinzi wa huo ni sisi wenyewe.