Faili la Watu ni Amana: Nakala Moja Haitoshi

 

Ndugu msomaji, neno amana likitajwa, akili za wengi huelekea kwenye fedha iliyoachwa kwa jirani au mbuzi waliokabidhiwa mchungaji. Hiyo ni sahihi, lakini amana haikomei hapo. Leo sehemu kubwa ya haki za watu imo ndani ya kompyuta: orodha ya wanafunzi wa madrasa na ada zao, michango ya ujenzi wa msikiti, hesabu za vikundi vya kuweka na kukopa, mikataba ya viwanja, na madeni anayoyaacha marehemu. Rai yangu ni kwamba mtu anayetunza kumbukumbu za wenzake ndani ya kompyuta moja, bila kuwa na nakala ya akiba mahali pengine, ameizembea amana. Kumbukumbu hizo zikipotea, hana haki ya kujitetea kwamba ni kadari ya Mungu na mambo yakaishia hapo.

Haki zilizomo katika mashine moja

Mji wetu wa Shelui, wilayani Iramba, umekaa chini ya mlima Sekenke, kando ya barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega. Dhahabu imechimbwa katika maeneo haya tangu enzi za Wajerumani, na wachimbaji wadogo wangali wakiitafuta hadi leo. Duara moja hubeba haki za watu wengi: mwenye eneo, mwenye duara, wachimbaji wenyewe, mfadhili aliyetoa chakula na mafuta, na mwenye karasha. Zamani mgao wao uliandikwa katika daftari. Siku hizi katibu huuingiza katika kompyuta mpakato, na daftari likachakaa likatupwa. Vivyo hivyo duka moja la steshenari hujikuta likitunza barua za maombi ya kazi, wasifu wa vijana na hati za mauziano za watu chungu nzima, na mwenye duka mwenyewe hajui kuwa amekuwa mweka amana wa mji.

Shauri la namna hii limewahi kuletwa mbele yetu tulisuluhishe. Kompyuta ya kikundi kimoja cha akiba ilizimika ghafla, na fundi akasema diski yake imekufa. Kila mwanachama alikuja na hesabu yake ya kichwani, na hesabu zote zilipojumlishwa zikapita fedha iliyokuwamo sandukuni. Mama mmoja mjane, aliyekuwa akiweka kidogo kidogo kila wiki, hakuwa na karatasi hata moja. Hakuna aliyemtuhumu katibu kwa wizi. Wote walikiri kuwa ni mtu mwaminifu. Lakini uaminifu wake haukurudisha hesabu. Tulilazimika kuwaapisha watu wazima juu ya kiasi ambacho faili moja lingekitaja papo hapo, na baadhi yao waliondoka hawaamkiani.

Mafakihi wanasemaje juu ya mwenye kuzembea

Wanavyuoni wetu wa fikihi, katika mlango wa amana, wameweka kanuni iliyo wazi. Aliyewekewa amana halipi iwapo kitu kimepotea bila kosa lake. Lakini akivuka mipaka, au akizembea katika kukihifadhi, huwa ni mdhamini wake. Na kipimo cha uzembe ni kuwa kila kitu huhifadhiwa mahali ambapo kwa desturi kitu cha aina yake huhifadhiwa. Kondoo hulindwa zizini, na hakuna wa kulaumu. Lakini mtu akiiacha dhahabu ya mwenzake zizini ikaibiwa, hawezi kusema kwamba kondoo nao hulala hapo hapo.

Basi tujiulize: ni ipi hifadhi inayolingana na faili la kompyuta? Desturi ya wajuzi wa kazi hii inafahamika. Mpiga picha wa Kimarekani, Peter Krogh, aliieneza katika kanuni fupi: ziwepo nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati ya hizo iwe mbali na nyingine. Nasema kwamba desturi hii sasa ndiyo hifadhi ya mithili ya kitu hiki. Bei ya flashi haimshindi mtu aliyemudu kununua kompyuta, na kunakili hesabu za mwezi mzima hakuchukui muda wa kunywa kikombe cha chai.

Wala si jambo geni kwetu. Katika vita vya Yamama, mnamo mwaka 633 kwa hesabu ya Miladi, waliuawa wengi miongoni mwa waliohifadhi Qur'ani. Sayyidna Umar bin Khattab akahofia, akamshauri Khalifa Abubakar Swiddiq, na Zaid bin Thabit akapewa kazi ya kuikusanya kutoka katika vifua vya watu na katika maandishi yaliyokuwa juu ya ngozi, mifupa na makuti. Kurasa hizo zikakaa kwa Abubakar, kisha kwa Umar, kisha kwa Bibi Hafsa. Zama za Sayyidna Uthman bin Affan zikaandikwa nakala na kupelekwa katika miji mikubwa. Kusudio lake la kwanza lilikuwa kuondoa hitilafu za usomaji, lakini faida nyingine ikapatikana humo: ukiungua mji mmoja, mwingine unayo. Masahaba walikuwa na imani kamili kwamba Mwenyezi Mungu atakihifadhi Kitabu chake, na imani hiyo haikuwazuia kushika kalamu. Ndiyo maana ya kutawakali. Aliyemwacha ngamia bila kumfunga alifundishwa na Mtume (SAW) jambo hilo hilo.

Jinsi maandishi yanavyopotea

Diski ya kawaida ya kompyuta ina sahani zinazozunguka kwa kasi, na juu yake huelea kichwa cha kusomea kwa nafasi nyembamba mno kuliko unywele. Mtikisiko mmoja wa gari kwenye barabara mbovu, mashine ikiwa inafanya kazi, waweza kuzikwaruza. Umeme ukikatika wakati faili linaandikwa, faili hilo laweza kuharibika. Joto na vumbi navyo hufupisha maisha ya mashine. Wizi unajulikana. Virusi navyo vimekuwa vya kuteka nyara: mwezi Mei 2017, virusi vilivyoitwa WannaCry vilifunga mafaili katika kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi takriban 150, wenyewe wakadaiwa fidia. Mwenye nakala iliyochomolewa na kuwekwa kando hakuwa na sababu ya kulipa. Mwenye nakala iliyochomekwa kwenye mashine hiyo hiyo aliweza kupoteza zote mbili.

Usidhani hayo huwapata wanyonge tu. Tarehe 26 Septemba 2025, moto uliotokana na betri uliunguza kituo cha kompyuta za serikali mjini Daejeon, Korea Kusini, nchi inayosifika duniani kwa utaalamu huu. Hifadhi moja ya watumishi wa serikali, yenye ukubwa wa terabaiti 858, iliteketea, na haikuwa na nakala nje ya jengo lile. Hapa kwetu tuliliona soko kuu la Kariakoo likiungua usiku wa Julai 10, 2021. Flashi iliyo katika mtoto wa meza ileile yenye kompyuta huungua katika moto uleule.

Kuna wasemao: mimi naweka mtandaoni, yamekwisha. Ni jambo jema, lakini halijitoshelezi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota nchini, na aliyekuwa na nakala za mtandaoni peke yake alikaa akizisubiri. Kisha, huduma nyingi za aina hiyo kazi yake ni kulinganisha: ukifuta faili kwenye kompyuta, na huko nako linafutika, au linabaki kwa muda tu. Hicho ni kioo, na kioo huonyesha hata kovu.

Namna ya kutekeleza

Kwa hiyo fanya hivi. Kila Alhamisi jioni, nakili mafaili ya watu kwenye flashi au diski ya nje, kisha uichomoe. Kila mwisho wa mwezi, nakili kwenye chombo cha pili ukipeleke nyumba nyingine: kwa imamu, kwa mwenyekiti, au kwa ndugu aliyeko Kiomboi au Singida mjini. Hesabu zilizo muhimu kuliko zote zichapishwe kwenye karatasi na zitiwe saini na mashahidi, kwani aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani imekuja kuamrisha kuandika deni na kushuhudiza.

Mara moja kila baada ya miezi michache, fungua nakala hizo uone kama zinasomeka. Flashi iliyosahauliwa kabatini miaka mingi yaweza kupoteza kilichomo bila dalili yoyote kwa nje. Hafidhi asiyefanya muraja'a huamini kuwa sura anayo, mpaka siku anaposimama mbele ya maamuma. Nakala isiyojaribiwa hali yake ni hiyo hiyo.

Wapo wenye hofu kwamba nakala zikiwa nyingi, siri za watu zitavuja. Hofu hiyo ni ya haki, kwa sababu amana ina pande mbili: kisipotee, na kisifichuliwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Dawa yake ni kuzifunga nakala kwa nywila na kuzikabidhi kwa mtu anayejulikana, si kubaki na moja ukiitazama kwa hofu. Na nywila hiyo iandikwe, ifungwe katika bahasha, na itajwe katika wasia. Madeni ya marehemu hulipwa kabla ya kugawa mirathi. Mtu akifa na nywila kifuani mwake, warithi watalipa deni gani, na mayatima watadai haki yao kwa nani?

Nawaomba viongozi wa misikiti, walimu wa madrasa, makatibu wa vikundi na wenye steshenari: kabla ya Ijumaa ijayo, kila mmoja ajue nakala ya pili ya kazi yake iko nyumba gani, na nani mwingine anajua ilipo. Asiyeweza kujibu, aianze kazi hiyo leo baada ya swala ya Alasiri. Na wewe mwanachama uliyeweka fedha yako, una haki ya kumuuliza katibu wako swali hilo. Kuuliza si kumtuhumu, bali ni kumsaidia asije akabeba mzigo wa watu shingoni mwake siku ambayo hakuna fundi wa kuurudisha.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuzichunga amana zao. Wabillahi tawfiq.