SITAKI MIA TANO YAKO, NATAKA NJIA YA KUZIFIKIA NYANYA

MSOMAJI, hebu jiulize: mara ya mwisho kununua nyanya sokoni ilikuwa lini? Uliinama, ukaminya moja, ukaitupa, ukachukua nyingine. Ukasema, "Mama, nipunguzie." Akapunguza, ukaenda zako. Hukujua kwamba umefanya jambo kubwa. Mimi nasema ni kubwa, kwa sababu mimi nimenyimwa.

Mwandishi wa makala haya anatembelea kiti cha magurudumu. Sikuzaliwa nacho. Nilipanda bodaboda usiku, bila kofia ngumu, dereva ana haraka, kama unavyopanda wewe kila siku. Kwa hiyo usisome haya kama habari za watu wengine.

Jumamosi moja nilikwenda soko moja la hapa Dar es Salaam. Silitaji jina, nisije nikakufanya udhani mengine yana nafuu. Nilikuwa na shilingi 15,000 mfukoni na kikapu mapajani. Mlangoni kuna ngazi mbili. Pembeni ipo njia ya mikokoteni, lakini siku hiyo ilikuwa imezibwa na gari la mtu mzito. Vijana wanne wakaninyanyua bila kuniuliza, kama gunia la viazi. Mmoja alishika tairi linalozunguka, nusura nianguke kichwa chini.

Ndani, mtaro hauna mfuniko. Nikazunguka. Nikafika kwenye meza ya mchele, meza iko kifuani mwangu, mizani iko juu ya macho yangu. Mwenye meza akamuuliza kijana aliyesimama nyuma yangu, ambaye hata simjui: "Mgonjwa anataka nini?" Kabla sijafungua mdomo, akatumbukiza sarafu ya mia tano kikapuni mwangu, akamgeukia mteja mwingine.

Msomaji, nilikwenda pale mteja, nikageuzwa ombaomba ndani ya dakika moja!

Nikamrudishia mia tano yake. Nikamwambia, "Kaka, nipimie kilo moja, na hiyo mizani ishushe niione." Akanung'unika, akaishusha. Mshale haukufika kwenye kilo. Akaongeza kiganja kizima cha mchele bila kunitazama usoni. Je, ni kilo ngapi za namna hiyo nimekwisha kuzilipia?

Wapo watakaosema: si utume mtu? Nimetuma sana. Nikituma, nyanya zinakuja zimepondeka, dagaa wana mchanga, chenji ina hadithi ndefu. Na anayetumwa naye anataka soda. Sokoni bei hupatikana kwa mdomo, kwa macho na kwa miguu: ukiona ghali hapa, unasogea pale. Asiyeweza kusogea hana bei. Analipa anayoambiwa. Hapo ndipo maskini mwenye ulemavu anapoibiwa kila siku, na hakuna polisi atakayeandika kesi hiyo.

Sasa tuje kwa wakubwa. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Mwaka 2010 Bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9, inayotaka majengo ya umma yafikike. Sheria ipo kabatini, ngazi ipo mlangoni. Ninayokutana nayo kila Jumamosi ni ngazi.

Eti fedha hakuna! Kipimo kinachotumika sana ni kwamba kila sentimeta moja ya kupanda inahitaji sentimeta kumi na mbili za mteremko. Ngazi mbili zenye sentimeta 30 kwa jumla zinataka mteremko wa mita 3.6. Hiyo ni kazi ya fundi mmoja, saruji na kokoto. Ushuru wa soko hukusanywa kila asubuhi bila kukosa. Unakwenda wapi?

Wasituambie pia kwamba haiwezekani. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi jijini humu mwaka 2016, vituo vyake vilijengwa na miteremko, na sakafu ya kituo ikalingana na mlango wa basi. Kumbe wakitaka wanaweza. Lakini ukishatoka kituoni kuelekea sokoni, unarudi kwenye mashimo.

Mwaka 2021 machinga waliondolewa barabarani, tukaambiwa njia ni za waenda kwa miguu. Njia zenyewe leo zimeegeshwa magari. Machinga nilikuwa nikimwambia "samahani kaka", ananipisha. Gari halipishi.

Na wewe kijana usijifiche nyuma ya serikali. Konda anayesema kiti changu kinakula siti mbili ni kijana kama wewe. Anayeegesha bodaboda kwenye mteremko pekee uliopo mtaani ni wewe. Anayenisukuma kwa nyuma bila kuniuliza, akidhani anapata thawabu, ni wewe. Uliza kwanza: "Kaka, nikusaidie?" Nikikataa, niache. Ukiwa na meza sokoni, shusha mizani. Zungumza na mimi, si na aliye nyuma yangu.

Msimu wa kura wagombea hutujia hadi mlangoni. Wengine hutubeba hata kwa magari, tukapige kura. Siku ile hawatuiti wagonjwa. Basi diwani wako akija tena na fulana zake, usimuulize habari za mbinguni. Mshike mkono, mpeleke mlango wa soko, mwoneshe zile ngazi mbili, umuulize: mita 3.6 za zege zimekushinda nini?

Akianza kuzungumzia huruma, mwambie huruma abaki nayo. Sisi tuna fedha zetu. Tunataka kwenda kuchagua nyanya.