Msomi Asiyejua Kuinjika Chungu

Nilipokuwa katika mazoezi ya ufundishaji, mwaka wangu wa tatu chuoni, nilisimama mbele ya wanafunzi wa kidato cha pili kufundisha methali. Nilikuwa nimejitayarisha barabara. Niliandika ubaoni: Jifya moja haliinjiki chungu. Nikaeleza maana ya nje na ya ndani, nikataja umoja na ushirikiano, kisha nikatoa methali nyingine zenye maana ya karibu: Kidole kimoja hakivunji chawa, Mkono mmoja haulei mwana. Mambo yalikuwa yakienda shwari hadi msichana wa dawati la mbele alipoinua mkono. "Mwalimu," akauliza, "kwa nini mafiga yawe matatu? Kwa nini yasiwe manne?"

Sikuwa na jibu. Nilizaliwa mjini, nikalelewa mbele ya jiko la mafuta ya taa na baadaye la gesi, na chuoni nilikuwa nikila chakula cha vibandani nje ya lango. Nikafanya wafanyavyo walimu wote waliobanwa: nikamwambia hilo ni swali zuri, na kila mmoja akalifanyie utafiti nyumbani.

Likizo iliyofuata nilimtembelea rafiki yangu wa chumba kimoja, kwao Kisauni, Mombasa. Nilimsimulia mamake kisa hicho nikidhani nitamchekesha. Alicheka kweli, lakini alinicheka mimi. "Mwanangu, miaka mitatu wasoma Kiswahili na kuinjika chungu hujui? Wasomani hasa?" Kisha akanijibu swali la yule msichana kwa sentensi mbili: "Matatu yakaa popote. Manne yataka sakafu." Naam, ndivyo ilivyo. Mawe matatu hushika chungu hata ardhi ikiwa na mabonde. La nne likiongezwa, moja huelea na chungu huyumba. Methali niliyoifundisha kama wito wa umoja ilikuwa imebeba ndani yake elimu ya uwiano niliyopita juu yake bila kuiona.

Ndugu msomaji, makala haya yana hoja moja. Nashikilia kwamba mwanafunzi wa Kiswahili, wa kike kwa wa kiume, anapaswa kujua kupika chakula cha kila siku na kujishonea japo vazi moja. Simwambii awe mpishi wa hoteli wala fundi wa suti. Namwambia kwamba sehemu kubwa ya lugha anayoisomea shahada imehifadhiwa mikononi mwa watu wapikao na washonao, na asiyetia mkono wake humo ataisoma lugha hiyo kama msafiri apitaye mji kwa basi la usiku.

Tuanze na jiko. Katika zile wiki mbili za Kisauni nilikalishwa juu ya mbuzi nikakuna nazi hadi vidole vikaniuma. Nikafundishwa kukamua kwa kifumbu, kutenga tui zito kando, kisha kutia maji tena na kukamua tui jepesi. Nikaambiwa kwamba tui jepesi ndilo linalotangulia chunguni na zito hutiwa mwisho, kwa moto wa wastani, huku likikorogwa lisikatike. Makapi yaliyobaki yaliitwa chicha. Maneno hayo yote yamo katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1981, na huenda niliwahi kuyasoma. Lakini kuna kulijua neno na kuna kuzoeana nalo. Kamusi itanieleza kuwa kuinjika ni kuweka chungu motoni na kuepua ni kukiondoa. Haitanieleza kuwa mpishi huinjika kwa kutazama, na huepua kwa kunusa.

Tazama pia kitenzi kuunga. Tuliopitia darasa la sarufi twaifahamu dhima ya kiunganishi katika sentensi. Je, tumewahi kujiuliza kwa nini mchuzi nao huungwa, na kwa nini bizari na iliki huitwa viungo, jina lile lile la magoti na viwiko? Jikoni jibu huonekana wazi. Nyanya, kitunguu, tui na samaki ni vitu mbalimbali hadi viungo vitiwe, ndipo vinapokuwa chakula kimoja. Tazama neno mwiko: ni kijiti cha kusongea ugali na pia ni jambo lililokatazwa. Tazama kibaba: methali ya Haba na haba hujaza kibaba huimbwa kila shule, lakini ni wanafunzi wangapi wajuao kuwa vibaba viwili ni kisaga kimoja, na vibaba vinne ni pishi? Tunawakaririsha watoto wetu kipimo ambacho sisi wenyewe hatujawahi kukishika.

Tuje kwenye sindano. Siku moja mama yule alinunua doti ya leso, akaikata katikati, akaniwekea kipande kimoja mapajani pamoja na uzi na sindano. Akasema tu, "Pinda." Nilikuwa nimewahi kuandika insha kuhusu leso, nikaeleza pindo lake, mji wake na jina lake, nikasifiwa na mhadhiri kwa uchambuzi wa ujumbe. Upindo wenyewe ulinishinda. Mishono yangu ilikuwa mirefu huku, mifupi kule, na kitambaa kikajikunyata. Akaitazama kazi yangu, akanirudishia. "Shonoa." Nikashonoa, nikashona tena, jioni ile nilishonoa mara tatu. Kauli ya kutendua, niliyokuwa nimeikariri darasani kwa mifano ya kufunga na kufungua, kuziba na kuzibua, ikaniingia hadi mifupani: shona, shonoa. Nilitambua pia kwamba kutendua si kurudi mwanzo kabisa. Kitambaa kilichoshonolewa hubaki na matundu ya sindano.

Tangu hapo nimejishonea shati moja la kitenge, lisilo na kola. Lilinichukua likizo nzima, na kwapa la kulia lilinibana kwa sababu nilikata kwa vipimo vya mwili wangu nikasahau kuacha nafasi ya mshono. Fundi mmoja wa mtaani alinifunza kupiga bandi kwanza, yaani kushikiza vipande kwa mishono mirefu ya muda, kabla ya kuvipitisha kwenye cherehani, ili kosa liwe rahisi kuondoa. Alinitajia pia sehemu za kanzu: badani, taharizi, kwapa, kaba. Nilipoyasikia nilikumbuka kuwa mtunzi wa mashairi hutunga, na kwamba kutunga ni pia kupitisha shanga katika uzi. Waliotupa istilahi za ushairi walikuwa watu walioshika uzi. Sisi tumebaki na istilahi, uzi tumeuangusha.

Lakini nisije nikadhaniwa kuwa nataka tupike na kushona kwa ajili ya msamiati tu. Kuna suala la heshima ya mtu kujisitiri na kujilisha. Wahenga hawakumung'unya maneno waliposema nguo ya kuazima haisitiri matako. Mwanafunzi ambaye mkopo wake umechelewa, na ambaye hajui kuloweka maharagwe usiku ili asubuhi yaive upesi na kwa makaa machache, atashinda kutwa kwa chai na mandazi, au atakopa kibandani hadi deni limkimbize njia. Aliyekatikiwa na kifungo asubuhi ya mtihani wa kutoa mada, asiyejua kukishikiza, atafunga shati kwa pini ya karatasi. Haya nayasema kwa sababu yamenipata yote mawili.

Wala si suala la mtu mmoja mmoja tu. Aprili 2020, serikali ilipoamuru barakoa zivaliwe hadharani, tuliona waziwazi nyumba zilizokuwa na mtu ajuaye sindano na zile ambazo hazikuwa naye. Wengine walikata fulana kuukuu wakashona barakoa za familia nzima kwa mkono. Wengine walisubiri zipatikane madukani. Tukumbuke pia kuwa nchi hii ilikuwa na viwanda vikubwa vya nguo, kama vile KICOMI kule Kisumu na Rivatex kule Eldoret, vilivyodidimia wakati soko likijaa mitumba. Rivatex ilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007. Ikiwa chuo kikuu chaweza kumiliki kiwanda cha nguo, je, mwanafunzi wa chuo kikuu hawezi kumiliki sindano?

Shule nazo zilichangia kutufikisha hapa. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, watoto wa shule za msingi walifunzwa sayansi kimu na ufundi: walipika, walishona, walifuma vikapu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo yaliondolewa katika mtihani wa KCPE, na sote twajua kinalipata nini katika shule zetu kila kisichotahiniwa. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, umejaribu kuyarejesha mafunzo ya vitendo. Lakini mtaala hufunzwa na walimu, na wengi wa walimu hao watatoka miongoni mwetu. Tutawafunza watoto nini tusichokijua wenyewe?

Wapo watakaopinga. Wa kwanza atasema kuwa hizi ni kazi za wanawake. Huyo nitamkumbusha kuwa katika harusi nyingi za pwani wanaume ndio wasimamao kwenye masufuria makubwa ya pilau, na kuwa mafundi cherehani wengi barazani mwa maduka ni wanaume. Ni kweli kuwa Mwana Kupona, katika utendi wake wa mwaka 1858, alimwandikia bintiye mawaidha ya unyumba. Nasi tumeujadili utendi huo miaka nenda miaka rudi, tukibishana juu ya nafasi ya mwanamke ndani yake. Rai yangu ni kwamba elimu ya nyumba haikuwa na kosa. Kosa ni kumtwisha mtoto mmoja na kumnyima mwenzake.

Wa pili atasema hana nafasi. Mabweni mengine yamepiga marufuku kupika, na mihadhara imesongamana. Kizuizi cha bweni nakikubali, lakini likizo zipo, na kwetu hakuna marufuku hiyo. Isitoshe, pindo la suruali halihitaji jiko wala umeme. Wa tatu ataniuliza: tukijipikia na kujishonea, mama wa kibandani na fundi wa mtaani watakula nini? Swali hili lina uzito, nami silipuuzi. Ninavyoona, ajuaye kazi ndiye mteja bora. Tangu nilipojishonea shati nimeacha kumpunja fundi kwa kuombaomba punguzo, kwa sababu sasa najua kuna saa ngapi ndani ya kola moja.

Kwa hivyo napendekeza mambo matatu kwa chama chetu. Kwanza, kila muhula tuwe na siku moja ya jiko na sindano, tuwaalike wapishi na mafundi wa jirani waje kutufunza, nasi tuwalipe kama tunavyowalipa wageni wengine wanaokuja kutuhutubia. Pili, kila mwanachama arudipo likizo alete msamiati wa jikoni na wa ushonaji kutoka kwao, kwa Kiswahili cha pale alipo, tuuchapishe katika jarida hili kabla wenye kuujua hawajatutoka. Tatu, nawaomba wahadhiri wetu waruhusu kazi ya aina hiyo ihesabiwe kuwa utafiti. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mvungu wa lugha yetu umejaa vyungu, vifumbu na vipande vya nguo.

Yule msichana wa kidato cha pili sikumwona tena. Mazoezi yangu yalikuwa yamekwisha nilipopata jibu lake, na mwalimu mwingine alikuwa amelichukua darasa. Nalijua deni hilo, na kila ninapoinjika chungu nalikumbuka. Ninachoomba ni kwamba mwenzangu atakayesimama mbele ya darasa lake muhula ujao, akaandika methali ile ile ubaoni, aulizwe swali lile lile na aweze kujibu bila kungoja likizo.