Kiti kitupu hakifundishiki

Wazazi wapenzi wa Kolwezi, twasikia mara nyingi neno hili: “Mtoto wetu hana akili.” Hatulikubali. Jumatatu yumo darasani. Jumanne na Jumatano yuko mtoni akiosha mawe ya kobalti, huku wenzake wakijifunza kuzidisha. Alhamisi mwalimu anamwambia agawanye. Atagawanyaje, naye kuzidisha hakukusikia? Hesabu ni ukuta: tofali likikosekana chini, la juu litaanguka. Kisha mwisho wa mwaka mwashangaa kwamba mtoto ameshindwa!

Mwatujibu: umaskini. Upo, nasi twauona. Lakini mwaka 2019 Serikali ilitangaza kwamba masomo ya msingi ni bure katika shule za umma, pamoja na zile za Kanisa zilizopatana nayo. Tena sheria ya mwaka 2009 ya kulinda mtoto yakataza kumtumikisha kazi za hatari. Mnunuzi apokeaye mfuko kutoka mkono wa mtoto ana kosa. Je, mzazi alaye feza ile hana?

Asiyejua hesabu atadanganywa mbele ya mizani maisha yake yote. Mpelekeni mtoto masomoni kila siku, si siku ile tu mawe yanapokosa mnunuzi.