Paka Aliyefiwa na Mwenzake Asipuuzwe

Katika kambi zetu na katika nyumba za polisi, paka si mnyama wa mapambo. Yeye ni mlinzi wa ghala. Magunia ya unga wa posho na maharage, sare zilizokunjwa, hata majalada ya ofisini, vyote huharibiwa na panya, na hakuna zamu ya usiku iwezayo kuwazuia panya kama paka anavyowazuia. Ndiyo sababu aghalabu ghala moja huwa na paka wawili waliokua pamoja, wakila chombo kimoja na kulala juu ya gunia moja. Leo tungependa kusema juu ya siku anapokufa mmoja wao, kwa maana siku hiyo wengi wetu hatuujui wajibu wetu.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka mingi iliyopita tulikaa katika kambi iliyokuwa na paka wawili ghalani, dume na jike. Jike akafa, na ilidhaniwa kwamba alikula panya aliyekwisha kula sumu. Tulimzika nyuma ya jiko, tukaona shauri limekwisha. Usiku ule dume alianza kulia. Alizunguka ghala lote, akanusa gunia walilokuwa wakilalia, akakaa mlangoni hadi alfajiri. Usiku wa pili baadhi yetu walimtupia mawe ili tupate usingizi, na sisi wengine tukacheka. Sajini mmoja alitukataza, wala hatukumsikiliza. Siku ya tatu akaletwa paka mchanga, akafungiwa humo humo ghalani awe mwenzake mpya. Walipigana usiku kucha. Hakuna aliyeangalia kama yule dume alikuwa akila. Wiki haikwisha akakutwa amekufa chini ya magunia. Yule mchanga hakujua bado kuwinda, na panya wakatawala. Paka wa kwanza tulinyang'anywa na sumu. Wa pili tulimpoteza kwa uzembe wetu.

Wako watakaosema kwamba huyo ni paka tu, na paka hana huzuni. Hatudai kuyajua yaliyomo moyoni mwa mnyama. Lakini matendo yake yanaonekana. Mwaka 1996 chama kimoja cha Marekani cha kuzuia ukatili kwa wanyama kilikusanya habari za wanyama waliofiwa na wenzao, kikaona kwamba karibu nusu ya paka walipunguza kula, na wengi walibadili kulia kwao, ama kuzidi au kupungua. Mwaka 2024 watafiti wengine wa Marekani waliwauliza wafugaji mamia kadhaa. Majibu yalionyesha kwamba kadiri paka walivyokaa pamoja na kushirikiana katika mambo ya kila siku, ndivyo aliyebaki alivyoonyesha dalili nyingi zaidi. Watafiti hao walitahadharisha kwamba yamkini wafugaji waliona kwa paka huzuni yao wenyewe. Tahadhari hiyo ni ya haki. Hata hivyo, sahani iliyojaa chakula kisichoguswa si mawazo ya mtu.

Hapo ndipo penye hatari. Mwili wa paka haustahimili njaa kama wa mbwa. Asipokula kwa siku chache, hasa akiwa mnene, mafuta ya mwili wake hukimbilia kwenye ini, na ini hulemewa. Fizi na weupe wa macho hugeuka manjano, naye asipotibiwa hufa. Basi paka aliyefiwa anaweza kumfuata mwenzake, wala si kwa uchawi wala kwa ajabu, bali kwa sababu hakuna mtu aliyeitazama sahani yake.

Ni nini basi impasayo askari kufanya? Kwanza achunguze kifo chenyewe. Ikiwa ni sumu ya panya, iondolewe mara moja, na panya waliokufa wafukiwe, kwa kuwa aliyebaki atawala vile vile. Ikiwa marehemu alibadilika tabia, akauma watu ovyo au kutokwa na mate, asiguswe kwa mikono mitupu, kwa maana kichaa cha mbwa humpata paka pia. Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15 na aende hospitali siku ile ile. Na katika sehemu zenye ugonjwa wa tauni, kama West Nile, panya wanapokufa wenyewe kwa wingi na paka naye akafa, habari zipelekwe kwa wakuu wa afya bila kuchelewa.

Pili, chakula kipimwe. Mtu mmoja, si kila mtu, apewe kazi ya kumlisha kwa saa zile zile na mahali pale pale, na atazame kilicholiwa. Dagaa waliopashwa moto kidogo huvuta kwa harufu yao. Siku nzima ikipita bila paka kula chochote, aitwe daktari wa mifugo. Wala asipewe vidonge vya maumivu vya binadamu. Paracetamol, hata kidonge kimoja, humuua paka.

Tatu, mazoea yake yasivunjwe. Ikiwa mwenzake hakufa kwa maradhi ya kuambukiza, gunia walilolalia liachwe kwa muda, lenye harufu anayoijua. Asihamishwe ghala, wala asifungiwe. Anapolia usiku, mawe hayamfundishi kitu ila hofu. Wala asitupiwe chakula kila anapolia, maana atajifunza kulia ili apewe. Afadhali jioni, kabla ya zamu kubadilishwa, mtu akae naye kidogo na kumchezesha kwa kamba. Wengi hurejea katika hali yao baada ya majuma kadhaa, na wengine baada ya miezi.

Nne, tusiwe na haraka ya kumletea mwenzake mpya. Paka hushika mipaka kuliko mlinzi wa lango, na mgeni aletwaye ghafla kwake ni adui. Kadhalika, yako maradhi ya paka ya kutapika na kuhara ambayo vijidudu vyake huweza kukaa sakafuni hata mwaka mzima, na mtoto wa paka asiyechanjwa akiingia hapo huangamia. Aliyebaki akianza kula na kuwinda, ndipo mgeni awekwe chumba cha pembeni, wazoeane kwa harufu kabla ya kuonana.

Hayo si mambo ya anasa yasiyofaa kwa wenye silaha. Mwezi Aprili 1949 manowari ya Uingereza iliyoitwa Amethyst ilipigwa mizinga katika Mto Yangtze, nchini China. Nahodha wake, aliyekuwa amempenda paka wa meli aitwaye Simon, alifariki kwa majeraha. Simon naye alijeruhiwa vibaya. Mabaharia, ambao nao walikuwa wamefiwa na wenzao na wamezingirwa mtoni, walimfunga majeraha na kumlisha. Alipopata nafuu alirudi kuwawinda panya waliokuwa wakila akiba ya chakula, akakaa na majeruhi vitandani mwao. Alitunukiwa nishani ya Dickin, ambayo hakuna paka mwingine aliyeipata.

Ndugu askari, sisi tunajua kitanda cha mwenzetu kinapobaki kitupu. Tunajua pia kwamba siku hizo hatukuokolewa na hotuba, bali na mtu aliyetuletea sahani ya chakula, akakaa karibu, akangoja tuile. Mlinzi wa ghala aliyefiwa anahitaji hayo hayo. Usiku wa leo mtakapomsikia akilia mlangoni, liacheni jiwe lilipo, mkaitazame sahani yake.